Makumbusho ya Reli: Yaunganishwe au Yaachwe Mbalimbali?

Mjini Nairobi, karibu na stesheni kuu ya zamani, imesimama injini ya mvuke yenye namba 3020, na jina lake ni Nyaturu. Iliundwa Glasgow katikati ya miaka ya 1950, ikapewa jina la watu wa Singida, kwa kuwa injini za aina yake zilipewa majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki. Hapo hapo yapo majitu mawili ya chuma, Mount Gelai na Mount Shengena, kila moja lina uzito wa tani 252. Gelai ni mlima wa Longido. Shengena ni kilele cha milima ya Upare. Mtu wa Singida au wa Same atakaye kuviona vyombo hivyo vilivyobeba majina ya kwao hana budi kuvuka mpaka.

Hatulisemi jambo hili kwa uchungu, wala hatuwalaumu ndugu zetu wa Kenya. Wao ndio waliovitunza. Nyaturu na Mount Gelai, baada ya kustaafishwa, zilipata hata kufufuliwa na kuvuta treni za wageni, na kazi hiyo haifanywi na mtu asiyeipenda mali aliyoachiwa. Twalisema kwa sababu linatuingiza moja kwa moja katika swali ambalo siku hizi linaulizwa kila mahali penye reli ya zamani: je, nyumba ndogo ndogo za makumbusho ya reli, moja hapa na nyingine kule, ziunganishwe ziwe moja kubwa yenye nguvu, au kila mji uachiwe yake?

Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la watalii na wazee wapenda moshi. Hatukubaliani nao. Tangu mwaka 2017 treni za reli mpya zinakwenda kati ya Mombasa na Nairobi, na tangu mwaka 2024 treni za umeme zinatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma. Njia mpya inapopita, ya zamani hupungukiwa na kazi. Stesheni hufungwa, mabehewa huachwa kwenye majani, na mnunuzi wa chuma chakavu huja na mizani yake. Basi uamuzi wa nini kitunzwe, na wapi, hauwezi kungojea. Ama utafanywa na sisi wenye reli, ama utafanywa na mnunuzi huyo.

Kwanza tukumbuke mali hii ilikusanyikaje. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na zile za Tanganyika zikawa shirika moja. Mwaka 1967 ulipotiwa sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, makao makuu ya mashirika yaligawanywa: bandari zikaja Dar es Salaam, posta ikaenda Kampala, reli ikabaki Nairobi. Kwa hiyo Shirika la Reli lilipofungua nyumba ya makumbusho mwaka 1971, liliifungua pale lilipokuwa na makao yake, na vitu vikapelekwa huko kutoka pande zote za njia. Hakuna aliyeona ubaya. Reli ilikuwa moja, karakana kuu ilikuwa moja, na makumbusho yakawa moja.

Miaka sita baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ikavunjika. Kila nchi ikaunda shirika lake la reli, na kila kilichokuwa upande huu wa mpaka kikawa cha upande huu. Nyaturu ilikuwa Nairobi, ikabaki Nairobi.

Hili ndilo funzo la kwanza, nasi twaliweka mbele kwa kuwa wanaohimiza muungano wa makumbusho hulisahau. Ukikusanya vitu vya wengi mahali pamoja, umefanya jambo zuri maadamu wenye vitu wanaelewana. Siku wakitengana, anayebaki na nyumba ndiye anayebaki na vitu, hata kama hakuna aliyekusudia kumnyang’anya mwenzake.

Hata hivyo hoja za wapenda muungano si nyepesi, na tusingekuwa waaminifu kama tungezipita. Injini ya mvuke si picha ya kutundika ukutani. Adui yake wa kwanza ni mvua. Maji yakiingia ndani ya boila na kukaa, mabomba yake huliwa na kutu pole pole, nayo huonekana nzima kwa nje hata miaka, maana rangi mpya huficha mengi. Nyingi zilifungwa asbesto kuzunguka boila kuzuia joto lisipotee, na asbesto ikichakaa huwa vumbi la hatari kwa mapafu ya fundi na ya mtoto wa shule aliyekuja kutazama. Shaba ya vibao na ya mifereji huibiwa usiku. Karatasi nazo, yaani michoro, ratiba, madaftari ya zamu na vitabu vya mishahara, zina mchwa wake. Kupambana na hayo yote kunahitaji paa refu na pana, mlinzi, karakana, fundi wa boila, na mtu aliyesomea utunzaji wa nyaraka. Mji mdogo utawatoa wapi? Makumbusho matatu maskini, wanasema wenye hoja hii, ni makaburi matatu. Afadhali moja lenye paa.

Tena huko Uingereza, ambako injini zetu nyingi ziliundwa, jambo hili limekwisha kujaribiwa, na matokeo yake yaweza kutazamwa. Kampuni moja ya reli ilifungua nyumba ya makumbusho mjini York mwaka 1928. Baada ya reli zote kuwa mali ya taifa, nyingine ilifunguliwa Clapham, mjini London, na nyingine Swindon mwaka 1962. Mwaka 1968 Bunge likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuutoa mkusanyo wa taifa katika mikono ya shirika la reli. Clapham ikafungwa mwaka 1973, vitu vyake na vya ile nyumba ya kwanza ya York vikawekwa pamoja, na mwaka 1975 ikafunguliwa huko York nyumba moja kubwa ndani ya banda la zamani la injini. Watu wa London walipiga kelele, zoezi likaendelea. Leo hii anayetaka kuiona Mallard, injini iliyofikia mwendo wa kilomita 203 kwa saa mwaka 1938, ataikuta imekauka, imepakwa rangi, na michoro imepangwa kwenye rafu. Hapana shaka mkusanyo huo ulipata afya kuliko ungeachwa mabandani.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na sehemu ya pili haisimuliwi sana. Mwaka 2004 York yenyewe ilifungua tawi katika mji mdogo wa Shildon, mahali palipokuwa na karakana za reli ya Stockton na Darlington, iliyofunguliwa mwaka 1825, nayo ikahamishia huko sehemu ya magari yake. Yaani iliyokusanya ikaanza kutawanya.

Kisha ukaja ugomvi wa Darlington. Injini iliyovuta treni siku ile ya mwaka 1825 huitwa Locomotion namba 1, na mji wa Darlington uliiweka mbele ya watu tangu karne ya 19. Hata hivyo kwa maandishi ilikuwa mali ya makumbusho ya taifa, na Darlington walikuwa wameazimwa tu. Mwaka 2020 wenye mali wakasema injini iende Shildon. Wenyeji wakakasirika, wakaandika, wakapinga. Miji hiyo miwili inatenganishwa na mwendo mfupi wa gari, wala hakuna aliyedai kwamba injini ingeharibika huko iendako, maana Shildon kuna paa zuri. Waliumia kwa sababu babu zao waliiona hapo, na wao waliiona hapo, na sasa mtu aliyeko kwingine alikuwa na karatasi ya kusema iondoke. Mwaka 2021 wakapatana: injini ikaenda Shildon, na Darlington wakakubaliwa kuipata kwa vipindi.

Na jambo la tatu. Kufikia mwaka 2013 ile nyumba ya York ilikuwa chini ya shirika moja pamoja na makumbusho mengine ya sayansi, ya Manchester na ya Bradford yakiwemo. Serikali ilipobana fedha, wakuu wa shirika wakatangaza kwamba fedha zikipunguzwa tena huenda ikawabidi kufunga nyumba moja kati ya hizo tatu za kaskazini. Watu wakashangaa: miji mitatu ikawekwa katika hali ya kutazamana, kila mmoja ukiomba mwenzake ndiye afungwe. Mwishowe hakuna iliyofungwa. Lakini wafanyakazi wa hapa kwetu waliopata kuona matawi ya kiwanda yakipunguzwa kutoka makao makuu wataelewa bila kufafanuliwa. Mfuko mmoja huleta akiba wakati wa neema. Wakati wa dhiki hutoa nafasi kwa mtu mmoja kufuta mji mzima kwa kalamu.

Wakati huo huo, nje ya mfumo huo wote, reli ndogo ya Talyllyn huko Wales ilichukuliwa na watu wa kujitolea mwaka 1951, ikaendeshwa na watu hao siku zao za mapumziko, na ingali inatembea. Baada yake zilifuata nyingine nyingi. Hizo hazikuungana na yeyote, na ndizo zilizofundisha vijana kuchochea moto na kufunga mabomba ya boila, ujuzi ambao ungalikufa pamoja na injini za mwisho mwaka 1968.

Turudi nyumbani. Mwaka 2022 ilifunguliwa nyumba ya makumbusho ya reli Jinja, nchini Uganda, katika eneo la stesheni ya zamani. Ni ndogo ukiilinganisha na Nairobi. Sasa mtu wa hesabu aweza kuuliza: kwa nini vitu hivyo visipelekwe Nairobi, au angalau Kampala, penye watu?

Jibu letu ni kwamba Jinja ina hadithi isiyosimuliwa vema mahali pengine. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, ikakomea ziwani. Kwa Waganda na Wasoga gari moshi halikuja kutoka mashariki kwanza. Lilianza hapo hapo Jinja, mwaka 1912, kwa njia fupi ya kwenda Namasagali. Kisa chake kilikuwa maporomoko: Mto Nile utokapo ziwani haupitiki kwa meli, ikabidi pamba iliyoletwa kwa maji kutoka Ziwa Kyoga ipakuliwe Namasagali, ipandishwe treni hadi Jinja, kisha ipakiwe melini tena. Reli kutoka Kenya ilifika Jinja mwaka 1928, na daraja la Nile likawezesha kufika Kampala mwaka 1931. Hapo Namasagali ikaanza kusinyaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari yake iliachwa na majengo ya reli yakawa shule. Mambo haya ukiyaeleza Nairobi, yatapata kibao kimoja chenye mistari mitano, katikati ya injini kubwa kubwa. Ukiyaeleza Jinja, mtoto hutoka nje ya mlango akauona mto wenyewe, akaelewa kwa nini treni ilihitajika.

Kwetu Tanzania mali ya namna hii ingali imetawanyika kando ya njia. Tanga ndiko ilikoanza reli ya kwanza ya nchi hii mwaka 1893. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo meli nzima, iliyofunguliwa vipande vipande, ilisafirishwa hadi Ziwa Tanganyika ikaunganishwa tena; Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Je, habari za Liemba ziwekwe wapi kama si Kigoma, penye jengo la stesheni ambalo wasafiri hulistaajabia hata leo? Tabora ina chuo cha reli na Morogoro ina karakana ya injini. Mafundi wengi wa njia yote wamepitia huko.

Kuna na sababu ya ufundi. Njia za TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976, zina upana wa milimita 1067. Reli ya Kati ya zamani ni milimita 1000. Reli mpya ni 1435. Injini ya TAZARA haiwezi kutembea kwa magurudumu yake mpaka kwenye banda la reli ya kati hata ukiisukuma, na kitu cha tani mia moja na zaidi hakibebwi kwa lori la mchanga. Wanaochora muungano mezani mara nyingi husahau winchi, matrela, na fedha za kuyakodi.

Sasa tuliguse lililo zito zaidi kwetu. Makumbusho ya reli yanakumbuka nini? Mgeni afikapo Nairobi huonyeshwa haraka behewa ambalo ndani yake Mwingereza mmoja, Ryall, afisa wa polisi, alishikwa na simba usiku katika stesheni ya Kima mwezi wa Juni 1900, akavutwa nje kupitia dirishani. Ni kisa cha kutisha, nasi hatumkatazi mtu kukipenda. Lakini katika ujenzi wa reli hiyo hiyo waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, na 2,493 kati yao wakafa kwa maradhi na ajali. Hao hawakuwa na behewa la kulala. Na kwa upande wetu, mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, chini ya chama chao cha TRAU ambacho Katibu wake alikuwa Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Siku 82 bila mshahara! Familia ngapi zililala njaa Tabora, Dodoma, Morogoro? Nani aliwapa unga kwa mkopo? Nani alibaki kazini, na jirani zake walimtazamaje baadaye?

Majibu ya maswali hayo hayamo ndani ya injini. Yamo katika vichwa vya wazee, na katika masanduku ya bati chini ya vitanda: kitambulisho cha kazi, barua ya onyo, taa ya gadi, picha ya timu ya mpira ya reli. Mjane wa Tabora hatafunga sanduku lake na kulipeleka mji mkuu kwa mtu asiyemjua. Atalipeleka kwa kijana wa mtaani kwake, akimwamini, na akiwa na hakika kwamba akitaka kuliona tena atakwenda kwa miguu. Hapa ndipo nyumba ndogo inapoishinda nyumba kubwa, wala fedha haziwezi kugeuza matokeo.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba nyumba zenyewe zisiunganishwe. Nairobi ibaki Nairobi, Jinja ibaki Jinja, na miji ya Tanzania ijengewe au ijijengee za kwake, hata ikiwa ni chumba kimoja cha stesheni chenye kufuli na daftari la wageni.

Kinachofaa kuunganishwa ni daftari. Iwepo orodha moja ya vitu vyote vya reli vilivyopo Kenya, Uganda na Tanzania: namba ya kila injini, mahali ilipo, nani mwenyewe kwa maandishi, hali ya boila yake, na kama ina asbesto. Kazi hiyo haihitaji jengo. Inahitaji watu wachache wenye kalamu na kamera, na ruhusa ya kuingia mabandani. Michoro na nyaraka zinakiliwe ili nakala ikae katika kila nchi, maana tumekwisha kuona mwaka 1977 kwamba nakala moja ni hatari. Mafundi waazimwe: waliofufua Nyaturu wanaweza kuja Morogoro wakawafundisha vijana, na vijana wakaenda Nalukolongo, kwenye karakana ya Kampala. Na vitu viazimwe kwa mkataba wenye tarehe ya kurudi, uliosainiwa kabla kitu hakijapakiwa, ili yasitukute ya Darlington.

Tunaongeza sharti moja ambalo huenda likawaudhi wapenda miji yao. Nyumba ndogo isiyoweza kuzuia mvua isidai kubaki na kitu kwa sababu ya fahari. Mwaka mmoja upite, paa halijazibwa, basi kitu kiende kwa jirani mwenye paa, kwa karatasi, mpaka paa litengenezwe. Tumeona mahali ambapo wenyeji walikataa kitu chao kisiondoke, kikaozea mbele ya macho yao, na kila mmoja akawa anasema ni chao.

Wengine watauliza nani alipe. Shirika lenye reli ndilo lenye ardhi, majengo na vyuma. Kutoa chumba kimoja cha stesheni kisichotumika hakulipunguzii treni hata moja. Halmashauri za miji hupokea wageni na ushuru wao. Vyama vya wafanyakazi wa reli vina wastaafu, na mstaafu aliyeendesha injini miaka thelathini hahitaji kufundishwa namna ya kumweleza mwanafunzi kazi ya breki ya utupu. Hatutaki kuficha kwamba hayo hayatoshi kufufua boila. Yanatosha kuandika orodha, kuziba paa na kukusanya masanduku ya bati kabla wenyewe hawajazikwa.

Waliokuwa na miaka ishirini wakati wa mgomo wa 1960 sasa wamepita themanini. Stesheni za Tabora, Dodoma na Morogoro zinawajua waliobaki, wanakaa wapi na nani huwatembelea. Orodha ianzie kwao, kisha ifuate ya injini.